Sauti ya Jaafar Mwishoni mwa Ujumbe wa Mahmudi

Mtu aliyezikwa Kudha aliongea na mama yake mbele yangu.

Spika ilikuwa yangu. Waya niliziunga mwenyewe. Kitufe nilibonyeza mimi.

Nitaeleza taratibu, mniwie radhi. Mimi si msemaji sana, na jambo lenyewe lina kompyuta ndani yake. Lakini asiyejua kompyuta hataachwa nyuma.

Naitwa Athman. Kwetu ni Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia. Vita vilitusukuma kidogo kidogo mpaka tukafika Ras Kamboni, ukingoni kabisa, ambapo ukipanda boti ya mashine unashukia Kiunga, Kenya. Miaka ninayoisimulia ni ile Kismayo ilipokuwa ikibadilisha wenyewe, leo hawa, kesho wale.

Kazi yangu ilikuwa kituo cha sauti.

Simu zilikuwepo, lakini mtu akikimbia, namba nazo humpotea. Basi kulikuwa na kompyuta mbili. Moja Kismayo, kwa jamaa yangu Tariq. Nyingine Ras Kamboni, kwangu.

Mtu anakaa mbele ya maikrofoni, anajitaja, anataja kisiwa chake, anasema anamtafuta nani. Diski inapakiwa kwenye gari, inafika upande wa pili, watu wanakusanyika kusikiliza. Tukishanakili tunafuta, na diski inarudi kazini.

Sasa, kuna jambo moja la kwetu Wabajuni. Mtu hamalizi ujumbe bila kumpitishia maikrofoni aliyekaa ubavuni mwake, naye atie salamu zake. Ukimnyima, umemvunjia heshima. Kwa hiyo ujumbe wa huyu huishia na sauti ya yule, na hakuna anayeshangaa.

Siku hiyo tulikuwa tunasikiliza ujumbe wa Mahmudi.

Mahmudi ni mpwa wa Bimdogo. Na Bimdogo ndiye mama mkwe wa dada yangu, Kuluthumu. Wote wawili walikuwa wamekaa mkekani mbele yangu, Kuluthumu amempakata binti yake, Safiyya.

Mume wa Kuluthumu alikuwa Jaafar, fundi wa kuunda mashua. Walipokimbia Chovai, yeye na mkewe walifikia Kismayo; Bimdogo alikuwa ametangulia nasi Ras Kamboni. Jaafar akampandisha mkewe na mtoto kwenye gari la kuja kwetu, yeye akageuza kurudi kisiwani kuchukua zana zake.

Hakuja tena.

Baadaye ikafika habari kwamba kisiwani Kudha kuna maiti imeokotwa ufukweni. Walioiosha wakasema ni Jaafar. Tukasoma khitma. Kuluthumu akakaa eda, akaimaliza.

Tulishamzika mioyoni, ndivyo nilivyodhani.

Basi Mahmudi akaongea. Akasema yuko Kismayo, hana mahali pa kudumu, anahama nyumba hadi nyumba. Akaanza salamu. Unajua salamu za Mahmudi, hazina breki. Akamtaja huyu, akamtaja yule, akawa anamtaja mke wa nani sijui.

Halafu ikaja sauti nyingine.

"Mama, mimi ni mzima. Usihamehame. Kaa papo hapo ulipo, n'takuya mwenyewe..."

Ujumbe ukaisha.

Nilimtazama Bimdogo. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa meno.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha mpaka mkono ukachoka. Kuluthumu alikuwa anatazama chini, anamsuka Safiyya nywele ambazo zilikuwa zimekwisha sukwa.

"Kakaa ubavuni mwa Mahmudi," Bimdogo akasema. "Mwanangu yu hai, wachu wamenizikia mchu mwingine."

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kwa sababu wakati ule wapiganaji walikuwa wanashuka na pwani kuja upande wetu. Ami yangu Mbwana, ndugu ya baba, alikuwa amekwisha panga safari ya ukoo mzima kuvuka Kiunga. Vyombo vilishafungwa. Alikuwa anamngoja Bimdogo tu.

"Mkwe, boti iko tayari," alimwambia.

"Nendeni."

"Twende wote."

"Hukusikia? Kaniambia nisihame."

"Nimesikia. Lakini hao wanaokuja hawana habari na alichokuambia Jaafar."

"Basi waje. Watanikuta nimekaa."

Mbwana akanigeukia mimi. Ni mtu wa maneno makali, lakini hana ubaya. "Na wewe fundi wa mashetani, hicho kidude chako ndicho kilichotufunga kamba. Kifungue."

Na Kuluthumu akasema kwa sauti ndogo kwamba Mama asipotoka, naye hatoki.

Nilichukua diski nikaenda kukaa peke yangu.

Kuna kitu hakikunikaa sawa. Mtu akipitisha maikrofoni husema "shika" au "sema nao". Mahmudi hakusema. Alikatika katikati ya jina la mtu. Tena nyuma ya sauti ya Mahmudi palikuwa na jenereta linaunguruma. Nyuma ya Jaafar palikuwa na mvua inapiga mabati.

Nikampigia Tariq. Laini ilikuwa inakwenda na kurudi.

"Tariq, Mahmudi alipokuja alikuwa na nani?"

"Ndugu yangu, siku ile ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Nitakumbuka nani?"

"Ulimalizaje kurekodi?"

"Mafuta yalikuwa yanakwisha, na yule bwana salamu zake hazimaliziki. Utamkataje mtu mzima? Nikamwacha aendelee, mimi nikaiua programu kimyakimya."

"Ukaiua ghafla au ukaifunga kwa utaratibu?"

"Nimeiua, Athman. Wewe nawe, siku zote unataka kujua kisu kilichinjia upande gani."

Akacheka, laini ikakatika. Lakini nilikuwa nimepata nilichotaka.

Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Kawaida programu ikiandika faili, sauti haiendi kwenye diski papo hapo. Keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kila kitu ndani ya kompyuta, huipokea na kuiweka kwenye kumbukumbu kwanza. Diski itaandikiwa baadaye. Umeme ukikatika kabla ya hiyo baadaye, umepoteza.

Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo programu yetu iliandika moja kwa moja kwenye diski, bila kupitia akiba hiyo. Tulijiona wajanja.

Keneli tuliyokuwa nayo ilikuwa toleo la zamani, limechokonolewa na mtu tusiyemjua. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, nilikuwa nao. Mimi sikusomea haya darasani. Nilijifunza kwa kuusoma msimbo ule mstari kwa mstari, kwa kukosa kingine cha kusoma. Nikaufungua tena, sehemu ya kuandika moja kwa moja.

Nikakuta kitu.

Programu ikiomba kuandika, keneli ilipima kwanza viwanja, yaani vipande vya kuandikia, kwenye diski. Kisha ikasogeza alama ya mwisho wa faili mpaka kiwanja cha mwisho kabisa. Ndipo ikaanza kupeleka sauti.

Ikikatizwa katikati, inaondoka zake. Alama inabaki kule mbele.

Maana yake, viwanja ambavyo havijaandikwa chochote vinahesabiwa kuwa ni vya faili. Na ndani yake kuna nini? Alichokiacha mpangaji wa zamani. Kufuta faili si kufuta maneno. Ni kung'oa tu kibao cha jina mlangoni, vyombo vimebaki ndani.

Na sisi sauti tulizihifadhi mbichi, bila kuzibana, kwa hiyo kipande chochote ukikicheza kinasema.

Yaani Jaafar hakuwa ubavuni mwa Mahmudi. Jaafar alikuwa chini yake.

Lakini kudhani si kujua. Nikataka kuona kwa macho.

Nilichukua diski nyingine, nikaijaza sauti yangu nikitaja samaki. Changu, pono, tasi, chewa, tena na tena mpaka diski ikajaa. Nikafuta zote. Ukiitazama, ni tupu kabisa.

Kisha nikawaita.

Walikaa kwenye mkeka uleule. Nikampa Ami Mbwana maikrofoni.

"Toa salamu, Ami."

"Za nani?"

"Zozote."

"Haya. Mimi Mbwana, niko Ras Kamboni, nawasalimu wote walioko Mombasa wanaokula vizuri huku sisi tunakaa kwenye mchanga, nawasalimu na wake zao, na hasa yule aliyeniazima jembe..."

Nikaiua programu, kama alivyofanya Tariq. Nikacheza.

"...na hasa yule aliyeniazima je... tasi, chewa, changu, pono, tasi..."

Mbwana akaruka nyuma. Kisha akaangua kicheko. "Umenijaza samaki kinywani, mshenzi wewe."

Hata Bimdogo alitabasamu. Nikaona mlango umefunguka kidogo. Nikamwelekea kwa upole.

"Mama, umeona? Hiyo ni sauti yangu ya zamani. Nilishaifuta. Imetoka kwa sababu kazi ilikatizwa, na mashine ikadai imeandika zaidi ya ilivyoandika. Ya Jaafar nayo ni hivyo hivyo. Ni ya zamani."

Bimdogo akasogea karibu na spika.

"Hiyo sauti ya samaki ni yako?"

"Ni yangu."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"U mzima?"

"Mzima."

"Basi," akasema. "Sauti yako ya zamani imetoka na wewe u mzima. Kwa nini ya mwanangu itoke iwe amekufa?"

Nilizima spika.

Alikuwa ameshika kweli. Nilichothibitisha ni kwamba sauti ni ya zamani. Sikuthibitisha kingine.

Mbwana akanivuta mkono tukatoka nje. "Mwambie amekufa. Sema mashine imesema."

"Mashine haikusema hivyo, Ami."

"Wewe na mashine yako mtatuua kwa adabu."

Nikaenda kisimani. Kuluthumu alikuwa anateka maji. Nilishika kamba nimsaidie, akakataa, kisha akaniachia.

"Kaka," akasema, "hukuwa na haja ya kuhangaika na samaki wako. Mimi nilijua tangu mara ya kwanza kuwa ni ya zamani."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwepo. Ilikuwa kwa Tariq, kabla hatujaachana Kismayo. Mvua inanyesha, Jaafar anaongea, mimi nimekaa ubavuni mwake nasubiri zamu yangu ya salamu."

Kamba ilinisimama mkononi.

"Yale maneno ya kukaa papo hapo ni mimi niliyemnong'oneza," akaendelea. "Nilimwogopea Mama. Namjua, angeweza kupanda gari kuja kututafuta Kismayo katikati ya risasi. Nikamwambia, mwambie atulie. Akasema. Akaanza kumwambia la pili, umeme ukazimika."

"La pili lipi?"

"Kwamba mambo yakichafuka huku, avuke Kiunga na wewe. Yeye Jaafar atamfuata huko."

Akamwaga maji yaliyozidi.

"Jaafar akacheka. Akasema basi, tutakuja kumalizia kesho. Asubuhi gari likapatikana, akatupandisha mimi na mtoto, naye akarudi kisiwani. Tariq akaona faili imevunjika, nadhani akaifuta."

"Kuluthumu, kwa nini hukumwambia Mama?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Siku ileile. Tulipotoka kwako. Nilimwambia kila kitu, na mvua, na Tariq, na la pili."

"Akasemaje?"

Dada yangu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya ujumbe.

"Akasema, nimesikia alichosema mwanangu. Ambacho hakusema, usinisemee wewe."

Nikakaa kwenye ukingo wa kisima.

Kwa hiyo walijua. Wote wawili walikaa kwenye mkeka wangu wakanitazama nikijaza samaki kwenye diski, nikitoa hotuba, na walijua kunishinda.

"Mbona aliniacha nihangaike?"

"Alitumaini," akasema. "Alisema Athman ni mtu wa kuchimba. Huenda akachimba akakuta lile la pili. Akilisikia kwa kinywa cha Jaafar atanyanyuka, atapanda boti leo."

Sikuwahi kukimbia kwenda kazini kama siku ile.

Niliisoma diski yote, kiwanja kwa kiwanja, ile halisi na nakala yake. Nilikuta sauti za watu wengi. Mwanamke anamwita nduguye. Mzee anajitaja jina, anasahau, anajitaja tena. Watu walioandikwa juu ya watu.

La Jaafar lilikuwa lilelile, na neno lake la mwisho ni "mwenyewe". Baada yake nilikuta mtu mwingine anakohoa.

Na nilijua sababu. Lile la pili halikufika kwenye diski. Programu huandika fungu kwa fungu; lilikuwa bado kwenye kumbukumbu yake linangoja fungu lijae, umeme ukaenda nalo. Hakuna kuchimba kunakoweza kutoa kitu ambacho hakikuwekwa.

Mbwana alinikuta mlangoni kwa Bimdogo. Boti ilikuwa imeshaita. Kuluthumu alikuwa amekwisha mweleza lile la pili; safari hii hakuwa na ukali, alininong'oneza.

"Mwanangu, sema umelipata. Sema umelisikia ila haliwezi kuchezwa. Ni neno lake kweli, si uongo. Kuluthumu ni shahidi."

Nikaingia nikiwa nalo mdomoni. Nisidanganye hapa, nilikuwa nalo.

Bimdogo alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, amevaa nguo safi. Kifurushi chake kilikuwa kimefungwa, kiko miguuni. Alikuwa tayari kwa lolote nitakalomletea.

"Umelipata?"

Nikafungua kinywa.

"Nitaisikia mwenyewe?" akauliza tena. "Sauti yake?"

"Hapana, Mama. Haimo."

Akaitika kwa kichwa. Akainama, akafungua kifurushi, akatoa kikombe chake akakirudisha pale kilipokuwa kikikaa.

"Ahsante kwa kutoniongopea," akasema. "Nendeni salama."

Kuluthumu alimbeba Safiyya mpaka majini. Nilimsihi. Mbwana alimsihi, akamtukana, akamsihi tena.

"Neno lililomfunga nilimnong'oneza mimi," akasema. "Nitamwachaje nalo peke yake?"

Akaniwekea mtoto mikononi.

"Usimfundishe kuningojea," akaniambia.

Tukaondoka. Wapiganaji wakaingia Ras Kamboni nyuma yetu. Waliotoka baadaye walisema ile nyumba waliiona imefungwa. Wengine walisema iko wazi na haina mtu. Hakuna aliyesema ameona kaburi, hakuna aliyesema ameona mtu. Nami sikumwongezea yeyote neno.

Tulivuka Kiunga, tukaishia Mombasa, na kituo cha sauti kikafa. Mahmudi hatukumsikia tena. Tariq alitokea Mombasa, mwembamba, hataki kuzungumzia Kismayo.

Keneli niliitengeneza. Nilikuwa nimeianza Ras Kamboni, nikaimalizia Mombasa. Tiba yake haikuwa ndefu, ila ilitaka subira. Ukikatizwa usikimbie. Ngoja kilichokwisha tumwa kwenye diski kirudi, maana diski bado inasoma kwenye kumbukumbu ile. Ukimpa mwingine kumbukumbu hiyo mapema, diski itaandika ya mwingine. Kisha hesabu kilichofika. Rudisha alama ya mwisho hapo. Viwanja vilivyobaki viachie. Na programu ikiuliza umeandika kiasi gani, jibu kilichofika tu.

Kiraka hicho nilikituma kwa wanaotunza keneli ile. Kikapokelewa. Mtu mmoja akaandika chini yake, "Safi." Kinafanya kazi mpaka leo, na sauti ya mtu haitoki tena kwenye ujumbe wa mwingine.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya vyema pale mlangoni. Sijapata hukumu, na wala siitafuti tena kama zamani. Safiyya sasa ni mrefu kuliko mimi. Haulizi.

Mnaopenda simulizi iishe na funzo, langu ni hili tu.

Ukiwa na maneno mawili ya kumwambia mtu, moja la kumtuliza na moja la kumwokoa, anza na la kumwokoa. Usihesabu kuwa utafika la pili.